Ncha ya Pili ya Waya

Ukiishika mkononi huwezi kudhani kuwa ni chombo cha kupimia. Ni nyaya mbili nyembamba, kila mmoja wa aloi yake, zimevuliwa plastiki kwa urefu wa ukucha, zikasokotwa na kuchomelewa nchani hadi zikafanya shanga yenye ukubwa wa punje ya wimbi. Mafundi huiita themokapo. Haina kioo wala zebaki, haina betri wala mistari ya kuhesabia. Niliiona ikiwa kazini katika banda la kukaushia mahindi kando ya barabara itokayo Kitale kwenda Kiminini, msimu ule ambao matrekta hupanga foleni tangu alfajiri na vumbi la magunzi hukaa kwenye kope za kila mtu. Shanga ilikuwa imezamishwa ndani ya bomba la hewa moto. Waya wake ulipita juu ya boriti, ukashuka ukutani, ukaingia kwenye kinasa data, kisanduku cha kijivu chenye tarakimu nyekundu. Kijana wa zamu alipotaka kujua kama bado ni nzima aliichomoa, akaiacha ipoe, akaibana kati ya vidole viwili. Tarakimu zikatulia karibu na joto la ngozi yake. Akatabasamu, akairudisha motoni. Mimi nikabaki na swali ambalo halijanitoka: ni nini hasa kilichopimwa pale, na kilipimwa kutoka wapi?

Jibu la haraka ni kwamba shanga ilihisi joto la vidole. Jibu hilo lina kasoro, kwa kuwa shanga peke yake haijui lolote. Umeme wa themokapo huzaliwa njiani, mle ndani ya nyaya, pale zinapotoka penye joto kwenda penye baridi. Na kwa vile nyaya ni za madini mawili, kila mmoja huzaa kiasi chake, na tofauti ya viasi hivyo ndiyo inayofika kwenye skrubu za kisanduku. Ncha zote mbili zikiwa na joto moja, hata liwe joto la tanuri, waya hunyamaza. Kinachosomwa, kwa hiyo, ni umbali kati ya joto la huku na joto la kule. Ili kisanduku kiandike kwamba hewa ina nyuzi 55, lazima kwanza kijue skrubu zake chenyewe zina nyuzi ngapi, kisha kijumlishe. Zamani katika maabara ncha ya pili ilizamishwa kwenye barafu inayoyeyuka ili sifuri iwe sifuri kweli. Leo hakuna anayebeba barafu kwenda bandani. Ndani ya kisanduku, jirani na skrubu, kuna kihisi kingine kidogo kinachopima joto la hapo hapo, na hesabu hufanyika bila mtu kuambiwa. Kihisi hicho kikipotoka, kila tarakimu inayofuata ni uongo ulioandikwa kwa mwandiko mzuri.

Na umeme wenyewe ni kidogo mno. Kwa aina inayotumika sana, ile ya herufi K, yenye nikeli na kromiamu upande mmoja, nikeli na alumini upande wa pili, kila nyuzi moja ya joto huleta takriban mikrovolti 41, yaani sehemu 41 kati ya milioni za volti moja. Betri ya tochi ya volti moja na nusu, kwa hesabu hiyo, ingesomeka kuwa moto wa nyuzi zaidi ya 35,000. Kisanduku hutega sikio kusikia mnong'ono huo katikati ya banda lenye injini, feni na nyaya nene za stima, na si ajabu tarakimu zikaruka kila mota inapowashwa. Tatizo hilo dawa yake inajulikana. Fundi huzisokota nyaya mbili pamoja, huzitenga na waya wa mota, kisha huchungulia kama shanga imegusa chuma cha mashine. Kelele hujitangaza yenyewe. Linalonisumbua mimi ni kosa lililo kimya.

Mtu aliyelifanya jambo hili lijulikane alilikosea maana. Thomas Johann Seebeck, aliyezaliwa mwaka 1770 katika mji ambao leo ni Tallinn nchini Estonia, alikuwa Berlin mwaka 1821 alipounganisha madini mawili yakafanya mzunguko, akapasha moto kiungo kimoja, na sindano ya dira iliyokuwa karibu ikageuka. Aliiona sindano ya sumaku, akaamini ameona sumaku ikizaliwa kutokana na joto. Alifika mbali hadi kuwaza kwamba hata usumaku wa dunia nzima ungeweza kutokana na tofauti ya joto kati ya ikweta na ncha za dunia. Ni Hans Christian Ørsted wa Denmark, yule aliyekuwa ameonyesha mwaka mmoja kabla kwamba umeme hugeuza dira, aliyesema kuwa kinachopita mle ni umeme. Seebeck hakupenda kusikia hayo. Apendaye, chongo huita kengeza. Humkumbuka nikiwa Kitale, digrii moja tu kaskazini mwa ikweta, mahali ambapo katika nadharia yake pangekuwa upande wa moto wa dunia, na ambapo usiku wa Julai watu hujifunika blanketi mbili. Dira yake haikusema uongo hata kidogo. Iligeuka kwa sababu ilikuwa na haki ya kugeuka. Ila yeye hakuiuliza ilikuwa ikijibu swali la nani.

Banda lile la njia ya Kiminini lilikuwa na ugonjwa wa saa. Asubuhi tarakimu zilikwenda sawa. Kuanzia saa tisa alasiri, siku zenye jua, zilianza kushuka, nyuzi tano, nyuzi sita, na kijana wa tanuri aliyeagizwa asiruhusu hewa ipungue 55 akaongeza magunzi. Magharibi zilirudi zenyewe bila kuguswa. Siku za mvua hapakuwa na neno, na kwa kuwa mvua ya Kitale hupenda alasiri, ugonjwa ulikuja na kwenda hata watu wakaanza kuutafutia sababu za ajabu. Wapo waliosema magunzi ya shamba fulani yana unyevu. Wapo waliosema mkanda wa feni umelegea. Shanga ilibadilishwa, ikawekwa mpya kutoka kwenye karatasi yake, na mpya ikaugua vile vile saa tisa ilipofika. Wakati huo huo kinu kilichonunua mahindi kilikuwa kinalalamika: punje zimepasuka kwa ndani, zikiingia kwenye roli zinavunjika ovyo, unga unakuwa mwingi kabla ya wakati wake. Malalamiko hayo yaliwekwa katika faili jingine kabisa, faili la wateja wagumu.

Aliyelimaliza jambo hilo ni mama wa makamo, fundi wa vyombo, aliyeitwa kutoka Bungoma. Hakugusa bomba wala tanuri. Alivuta kiti, akakaa mbele ya kisanduku tangu saa nane, akawa anakunywa chai na kuutazama ukuta. Dirisha la wavu lilikuwa upande wa magharibi. Saa tisa kasoro mwali wa jua uliingia ukaanguka sakafuni, ukapanda ukutani polepole, ukaifikia safu ya skrubu za shaba zilizokuwa wazi chini ya kisanduku, kwa maana kifuniko chake cha plastiki kilipotea zamani. Tarakimu zikaanza kushuka.

“Mama, moto umepungua?” kijana akauliza, mkono tayari kwenye koleo.

“Moto uko pale pale, mwanangu. Ni kisanduku kinachoota jua.”

Aliweka kiganja chake kati ya dirisha na skrubu, akakishikilia hapo. Baada ya dakika chache tarakimu zilianza kupanda. Skrubu zilikuwa zimepata joto la jua, kihisi kilichojificha ndani kikabaki kivulini kikidhani mambo ni yale yale. Kisanduku kikajumlisha kidogo kuliko ilivyopasa, kikaandika chini ya ukweli, na binadamu akatii kwa kuongeza moto. Hewa iliyosomeka 55 ilikuwa imepita 60. Mama yule alikata ubao wa katoni ya maziwa, akaukunja, akaufunga juu ya skrubu kwa mpira wa baiskeli. Kazi yote ilikuwa hiyo. Kilichonivutia ni pale alipochagua kukaa. Kila mtu alikuwa amesimama upande wa moto, kwa kuwa huko ndiko kulikoonekana kuwa na habari.

Si jua tu liwezalo kuiharibu ncha ya pili. Chukua rangi za nyaya. Mkenya aliyejifunza stima kwa mafundi wa zamani anajua kwamba waya mwekundu ndio wenye moto, ndio chanya, na wengine huufuata. Themokapo iliyotengenezwa kwa desturi ya Marekani humwendea kinyume: nyekundu ni hasi daima, na kwa aina ya K chanya ni ya manjano. Iliyofuata kanuni ya kimataifa ni ya kijani na nyeupe, nyeupe ikiwa hasi. Za Uingereza za zamani ni kahawia na buluu. Vifaa vyetu hutoka kila upande, vingine ni zawadi, vingine vimetoka kwenye kiwanda kilichofungwa, vingine vimenunuliwa Luthuli Avenue, Nairobi, bila hata karatasi, na vyote huishia kufungwa na bisibisi moja. Nyaya zikipishana mara moja, aibu ni ya wazi: ongeza moto, tarakimu zinashuka, hata mpita njia atacheka. Zikipishana mara mbili, pale kwenye kiungo cha kurefushia na tena pale kwenye kisanduku, kosa la pili hulivisha nguo kosa la kwanza. Tarakimu zinapanda moto unapopanda, zinashuka unaposhuka, kila mtu anaridhika. Ila zimepotoka kwa mara mbili ya tofauti ya joto kati ya mahali pa kile kiungo na mahali pa kisanduku, na tofauti hiyo hubadilika kutwa. Naogopa sana kosa la namna hiyo, katika mitambo na nje yake, lile linalokwenda uelekeo sahihi kwa kiasi kisicho sahihi.

Na kuna yule ambaye waya wake umekuwa mfupi akaenda hadwea akanunua mita kumi za shaba ya kawaida, ile ya kufungia taa. Umeme unapita, kwa nini usipite? Lakini shaba kwa shaba haizai tofauti yoyote, na hapo ncha ya pili huhama bila kuaga. Haiko tena kwenye kisanduku. Iko pale alipounganisha, huenda hatua mbili kutoka tanurini ambako ukuta una nyuzi 45, huku kisanduku kikiapa kwamba ncha iko kwake, kwenye nyuzi 22. Nyuzi 23 zimepotea njiani na hakuna aliyeziiba.

Njia ambayo mafundi wengi hutumia kuihakiki themokapo ni maji yanayochemka. Kila mtu shuleni aliambiwa yanachemka kwa nyuzi 100. Chemsha sufuria Kitale, mji ulioko kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, na themokapo nzima kabisa itakuandikia takriban 94. Teremka na sufuria ile ile kupitia Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, ukamate njia ya Bungoma, ambako ardhi imeshuka hadi mita 1,400 hivi, na utasoma 95 na kitu. Fika Mombasa ndipo utaikuta ile 100 ya kitabuni. Hewa ya juu ni nyepesi, haiyakandamizi maji, nayo huinuka kabla ya wakati. Kwa kila mita 300 za kupanda hupungua karibu nyuzi moja. Ndiyo maana maharagwe ya Kitale hukaa motoni hadi mgeni akate tamaa. Nimewahi kusikia kijana mwenye cheti kizuri akieleza kwa fahari jinsi alivyoirekebisha mashine iliyokuwa inasoma 94: aliingia kwenye programu akaiongezea sita. Tangu siku hiyo mashine iliyokuwa inasema kweli ikawa inaona hewa ya 49 ni 55, tanuri likapunguzwa, na mahindi yakaingia gunini na maji yake. Alikuwa amesahihisha mlima.

Anders Celsius wa Uswidi alilijua hilo. Alipopendekeza kipimo chake mwaka 1742 aliweka sifuri kwenye kuchemka na mia kwenye kuganda, kinyume cha tulivyozoea, na akaeleza kwamba barafu inayoyeyuka hubaki na joto lile lile ilhali kuchemka hubadilika na uzito wa hewa. Wasafiri wa karne ya 19 waliigeuza hitilafu hiyo kuwa chombo. Hawakuwa na njia nyepesi ya kupima kimo cha nchi, wakawa wanachemsha maji na kusoma kipimajoto. Mwaka 1858 John Hanning Speke alifanya hivyo ukingoni mwa Ziwa Nyanza, yaani Victoria, akapata kimo kilichokaribia ukweli. Kwa Ziwa Tanganyika chombo kilikuwa kimeharibika, kikampa kimo kilichopungua kwa mamia ya futi, na tarakimu hiyo ikaingia katika ugomvi wake na Richard Burton juu ya ziwa lipi ndilo chimbuko la Nile. Mabwana wawili wakavunjiana heshima mbele ya ulimwengu, na katikati yao maji yaliyochemka kandokando ya ziwa ambalo wenyeji wake hawakuwa wamepoteza chochote hapo.

Bungoma ina watu ambao hucheza na kuchemka huko kila siku. Kiwanda cha sukari cha Nzoia, kilichoanzishwa mwaka 1975 pale Bukembe, kimejengwa kwa ufundi wa viwanda vyote vya sukari: maji ya miwa hupikwa ndani ya vyungu vilivyonyonywa hewa, ili yachemke kwa nyuzi 65 au 70 na sukari isiungue. Pampu hufanya kwa nguvu kile ambacho Mlima Elgon huwafanyia walioko juu bila malipo. Pale chungu hakionekani ndani ila kwa kidirisha, mpishi hana budi kuamini vipimo. Nenda kwenye vinu vya sukari guru vya mashambani na utamkuta mpishi mwingine, karai wazi mbele yake, makapi ya miwa yakiwaka chini. Huangalia povu lilivyobadilika, mapovu madogo yakawa makubwa na mazito, na rojo linavyoning'inia kwenye upawa kabla ya kukatika. Hana nyuzi hata moja kichwani mwake. Ukimchukua ukampeleka Kitale atakosea mara chache kuliko mashine iliyohamishwa naye, kwa sababu rojo likiiva limeiva. Simsifu kupita kiasi. Akiugua, hakuna mwenye kuisoma kazi yake ukutani.

Kwenye nafaka ndipo jambo hili linapoacha kuwa mchezo wa mafundi. Mahindi yakivunwa Trans Nzoia na unyevu wa asilimia 20 au zaidi, hayana budi kushushwa hadi 13.5 ndipo ghala liyapokee. Yakifungwa kabla ya hapo hupumua, ukungu nao hupumua, fukusi pia, na kutoka katika pumzi zao zote hutoka joto na maji, na joto hilo huwaita wengine. Katikati ya rundo panakuwa na homa ambayo aliyesimama nje haioni. Ndiyo maana katika maghala marefu ya chuma huteremshwa kamba zenye themokapo kila baada ya mita kadhaa, nyingi zikiwa za shaba na aloi iitwayo konstantani, zining'inie ndani ya nafaka na kusikiliza. Mficha maradhi kilio humfichua, na Kenya ilishalia: mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na jirani zake, mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu yaliota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, wakaugua watu 317 na kufa 125. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemsha. La kuvunda halina ubani. Kwa mbegu mpaka ni mwembamba zaidi. Kampuni ya Mbegu ya Kenya iko Kitale tangu 1956, na mahindi chotara yaliyoanza kuenea nchini katikati ya miaka ya 1960 yalizaliwa katika utafiti wa mji huo huo. Mbegu mbichi ikipitishiwa hewa inayozidi nyuzi 43 hivi, kiini hufa. Kwa macho ni punje ile ile, ing'aayo, yenye rangi ya dawa. Kifo chake hujulikana Aprili, shambani, wakati mistari inapokuwa na mapengo.

Kukhu, yaani nyanya, mmoja wa upande wa Chwele ninayemfahamu hana kinasa data. Huchukua chupa kavu, akatia chumvi kavu na gao la mahindi, akatikisa. Chumvi ikigandamana na ukuta wa chupa, mahindi bado. Ikianguka chini na chupa ikabaki safi, yamekauka. Akitaka kujua homa ya gunia huchomeka mkono hadi kiwikoni. Nilimsikia mjukuu wake, msomi, akimwambia kwamba mkono hauwezi kupima joto, unapima tofauti tu: ukiwa umetoka kuosha vyombo kwa maji baridi utaona kila gunia lina homa. Alisema kweli. Lakini themokapo nayo haina cha zaidi ya hicho. Inapima tofauti tu. Ubora wake uko kwenye uaminifu wa yule anayeuliza joto la mkono kabla ya kuuingiza gunini. Na nyanya yule, kusema haki, huufuta mkono wake kwenye leso na kungoja kidogo. Hakufundishwa na mtu kwa nini.

Tangu siku ya banda lile nimekuwa nikizitafuta ncha za pili mahali pengi, pengine kupita kiasi. Anayeshuka matatu ya Bungoma katika steji ya Kitale huanza kufunga vifungo vya koti. Anayeteremka kutoka Kapcherop huvua sweta pale pale, na wote wawili watakuambia hali ya hewa ya Kitale kwa uhakika kamili. Walowezi walioandika mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba Trans Nzoia ni nchi ya kumfaa Mzungu walikuwa wakisoma baridi ya Kitale kwa ncha iliyobaki Uingereza, na kutokana na usomaji huo watu wengine wakahamishwa kwenye ardhi yao. Nairobi husoma bei ya gunia la kilo 90 ikitazama upande wa mlaji, husema bei imepanda, ni balaa. Kiminini husoma tarakimu hiyo hiyo kwa ncha iliyofungwa kwenye bei ya mbolea, husema imeshuka. Kila mwamba ngoma huvutia kwake, hilo ni la kale. Ninaloliona kuwa gumu zaidi ni kwamba anayevutia kwake mara nyingi hajui kwamba amekaa mahali. Skrubu zake zimepigwa jua tangu utotoni, hakuna dirisha analoliona, na tarakimu zinazomtoka ni safi, zenye nukta ya desimali. Usomi hautibu jambo hilo. Yule kijana wa nyuzi sita alikuwa na usomi wa kutosha kuirekebisha mashine, na hakuwa na mazoea ya kuuliza sufuria yake iko kwenye kimo gani.

Sisemi kwamba basi hakuna ukweli, kila mtu abaki na joto lake. Mahindi yaliyooza yameoza Kitale na yameoza Bungoma. Chukua barafu safi, ipondeponde, itie kwenye chupa ya chai pamoja na maji kidogo, izamishe shanga katikati, usubiri. Utasoma sifuri, au karibu nayo sana, mlimani na bondeni. Kuna kitu cha kushikilia. Ni kazi tu, na ni kazi isiyo na sifa, kwa kuwa hakuna anayekuja kutembelea banda la mahindi ili aonyeshwe chupa ya chai yenye barafu. Wageni huonyeshwa tanuri.

Mama fundi kabla hajaondoka aliagiza jambo moja. Katika daftari la zamu, kando ya safu ya joto la hewa, ichorwe safu nyingine ya joto la kisanduku chenyewe, isomwe kwa kipimajoto cha kawaida kilichotundikwa karibu na skrubu, saa kwa saa. Mwenye banda hakulipenda wazo hilo. Yeye alinunua mtambo ili ajue mahindi yake, akasema, sasa analipia kalamu ya kupimia joto la ukuta? Mama akamuuliza daftari ni shilingi ngapi na gunia lililokataliwa kinuni ni shilingi ngapi, akapanda pikipiki. Safu ya pili bado iko, imechorwa kwa rula. Siku za Jumapili huwa tupu, maana kijana wa zamu ya Jumapili anasema hajaona faida yake.